Wiki 10 Karatu: bei ya kujitolea kwa ajili ya mtoto

Kijana anayetoka Ulaya au Marekani kuja Karatu, mkoani Arusha, kujitolea kwa wiki 10 kwenye makao ya watoto hutumia, kwa hesabu nitakayoifungua hapa chini, kama dola 3,370. Tukihesabu dola moja kwa Sh 2,500, hiyo ni Sh 8,425,000. Mtanzania mwenye stashahada ya ustawi wa jamii akiajiriwa na usharika kwa Sh 700,000 kwa mwezi, atagharimu Sh 8,400,000 kwa mwaka. Fedha ni karibu ileile. Mmoja anakaa wiki 10, mwingine wiki 52.

Siandiki haya kumkatisha tamaa mtu yeyote aliyeguswa moyoni kuwahudumia watoto. Mimi ni Mkristo, na najua kwamba Waraka wa Yakobo unawataja yatima na wajane waziwazi, bila kuuzungusha wajibu. Lakini sadaka ni fedha za watu, nyingi zikiwa za watu wasio na kikubwa, na mtoto anayeitwa mtoto wa mazingira hatarishi ana haki ya kuulizwa kwa niaba yake: hizo Sh 8,425,000 zimemnunulia muda wa nani, na kwa siku ngapi?

Tuanze na mafunzo yenyewe. Shirika linalojulikana zaidi kwa njia hii ni Youth With A Mission, YWAM, lililoanzishwa mwaka 1960 na Mmarekani Loren Cunningham, aliyefariki mwaka 2023. Kozi yake ya mwanzo, shule ya uanafunzi, huchukua miezi mitano au sita: takriban wiki 12 darasani, kisha wiki 8 hadi 12 za huduma, mara nyingi katika nchi nyingine. Baada ya hapo mwanafunzi anaweza kuendelea na kozi za ngazi ya pili, zikiwamo zinazohusu watoto walio hatarini, chini ya chuo cha shirika hilo kilichoanzia Hawaii mwaka 1978. Watumishi wa YWAM hawalipwi mshahara. Kila mmoja huchangiwa na kanisa lake, ndugu zake na rafiki zake. Mwanafunzi naye hujilipia. Tanzania shirika hilo lina kituo Arusha, na Kenya lina kituo Athi River. Makanisa na mashirika mengine yana mipango inayofanana na huo, na mengi yana wiki chache zaidi kuliko hizo.

Ada ya darasa nimeiacha nje ya hesabu, kwa kuwa inatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Nimehesabu sehemu ya Karatu peke yake. Tiketi ya ndege kwenda na kurudi, tuiweke dola 1,200. Viza ya biashara, ndiyo inayotumika kwa shughuli za muda mfupi zisizozidi miezi 3, ni dola 250. Chakula na malazi, kwa dola 20 kwa siku, siku 70, ni dola 1,400. Bima, chanjo na dawa za kuzuia malaria, tuweke dola 400. Mwisho kuna siku moja ya kushuka kreta, maana ni nadra kikundi kufika Karatu kisishuke Ngorongoro. Hapo bei zinajulikana: mgeni asiye mkazi hulipa dola 70.80 langoni pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, na gari moja kushuka kreta ni dola 295. Vijana sita katika gari moja watalipa dola 719.80, yaani dola 120 kila mmoja, kabla ya kulipia gari lenyewe na dereva. Mtanzania anayepita lango hilohilo la Loduare hulipa Sh 11,800.

Jumla ni dola 3,370. Ukizigawa kwa siku 70, kila siku ya huyo kijana Karatu imegharimu dola 48, kama Sh 120,000. Hata hivyo siku 70 si siku 70 za kazi. Toa wikiendi, toa wiki ya kwanza ya uchovu wa safari na kuumwa tumbo, toa wiki ya mwisho ya kuagana na kutembelea mbuga. Zinabaki siku 40. Sasa siku moja ya kazi imefika Sh 210,000 na ushee. Kima cha chini cha mshahara wa serikali, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni Sh 500,000 kwa mwezi. Kwa hiyo siku mbili na nusu za kujitolea zinauzidi mwezi mzima wa mtumishi wa umma wa ngazi ya chini.

Wapo wanaopunguza gharama kwa kuingia na viza ya utalii ya dola 50, au dola 100 kwa Mmarekani. Huko ni kuvunja sheria ya uhamiaji, na kanisa linalomshauri kijana afanye hivyo linamfundisha udanganyifu siku ya kwanza ya huduma yake. Anayetaka kukaa zaidi ya miezi 3 anatakiwa awe na kibali cha ukaazi cha daraja C, ambamo wamo wamisionari, watafiti, wanafunzi na wanaojitolea.

Sh 8,425,000 ni kiasi gani kwa mtoto wa Karatu au wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro? Elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Fedha ya kijana mmoja ingetosha ruzuku ya wanafunzi 842, yaani shule nzima na zaidi. Katika awamu ya kwanza ya mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, kaya iliyotimiza masharti yote ilipata hadi Sh 38,000 kwa mwezi. Fedha hiyohiyo ingezibeba kaya 18 za namna hiyo mwaka mzima. Na kwa Wakristo waliozoea kumfadhili mtoto kupitia Compassion, shirika ambalo kwa miaka mingi lilitoza dola 38 kwa mwezi, dola 3,370 zingemsomesha na kumlea mtoto mmoja kwa zaidi ya miaka 7.

Mfano huo wa mwisho una ushahidi nyuma yake, na ni vizuri Wakristo wakaujua. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti uliowahusu watu 10,144 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliwalinganisha watu waliofadhiliwa na Compassion utotoni na ndugu zao na majirani ambao hawakufadhiliwa. Waliofadhiliwa walisoma kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu zaidi, na uwezekano wao wa kumaliza sekondari ulipanda kwa pointi 12 hadi 18 za asilimia. Ukiuliza watoto hao walipata nini, utaona ni mambo ya kawaida kabisa: karo, sare, matibabu, na mtu mzima wa kanisa la palepale aliyemwona mtoto kila wiki kwa miaka mingi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili lote. Mtoto aliyeumizwa haponi kwa idadi ya watu wanaompenda. Anapona kwa mtu mmoja au wawili wasioondoka.

Tuhesabu na upande huo. Tuseme makao ya watoto yanapokea kikundi cha vijana sita kila baada ya wiki 10. Kwa mwaka ni vikundi vitano, wageni 30. Mtoto aliyeingia hapo akiwa na miaka 4 na kutoka akiwa na miaka 14 atakuwa amebebwa, amechezeshwa, amepigwa picha na kuagwa kwa machozi na watu 300. Kila mmoja wao ataondoka akiamini, kwa moyo mweupe, kwamba yeye na mtoto huyo walikuwa na kitu cha pekee. Mtoto atakuwa amejifunza mapema kumkumbatia mtu asiyemjua, kwa kuwa wageni hupenda hivyo, na kutomtegemea mtu yeyote, kwa kuwa wote huondoka. Mjuzi wa ulinzi wa mtoto akimwona mtoto anayemkimbilia kila mgeni langoni hafurahi. Anaingiwa na wasiwasi.

Jambo jingine linalohitaji muda ni lugha. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, ambacho kimefundisha lugha za dunia kwa miongo mingi, kinakadiria kwamba Mmarekani anahitaji kama wiki 36 za darasani kufikia Kiswahili cha kufanyia kazi. Kijana wetu ana wiki 10 kwa kila kitu. Na Kiswahili hakitoshi. Karatu ni nchi ya Wairaqw. Ukishuka kwenda Mang'ola na Ziwa Eyasi unakutana na Wadatoga na Wahadzabe. Ukipita lango la Ngorongoro uko kwa Wamaasai. Ni sehemu chache Afrika ambako Kikushi, Kinailoti, Kibantu na Kihadza, lugha isiyo na ndugu anayejulikana, vinasikika ndani ya mwendo wa siku moja. Msichana wa miaka 9 anayetaka kueleza alichofanyiwa na mjomba wake atakieleza kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ya chini, kwa mtu aliyemzoea. Hatakieleza kwa Kiingereza mbele ya mkalimani.

Wamisionari wa zamani walilijua hilo. Mapadri na masista walipelekwa kwanza kwenye shule ya lugha ya Makoko, Musoma, ndipo wakapangiwa vituo. Hata mpango usio wa kidini wa Peace Corps, ulioanza kuleta vijana Tanganyika mwaka wa uhuru, humtaka mtu miezi 27, na karibu 3 ya mwanzo ni mafunzo ndani ya nchi, akiishi na familia ya wenyeji na kujifunza lugha. Kwa hiyo njia fupi ya wiki chache haikurithiwa kutoka kwa waliotutangulia. Imeletwa na bei nafuu ya ndege na likizo za vyuo.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye bajeti ya safari, nayo ni hatari anayoingizwa mtoto tunapompokea mtu bila kumkagua. Mifano iko jirani. Matthew Durham, kijana wa Oklahoma, alikwenda Nairobi mara kadhaa kujitolea katika makao ya watoto ya Upendo. Mwaka 2014, akiwa na miaka 19, alikamatwa kwa kuwadhalilisha watoto hao kingono, na Machi 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40. Bomet, Kenya, Mmarekani Gregory Dow na mkewe walifungua makao ya watoto mwaka 2008 kwa jina la huduma ya Kikristo. Februari 2021 Dow alihukumiwa miaka 15 na miezi 8 kwa kuwanyanyasa wasichana kingono. Huyu alikuwa tayari na hatia ya mwaka 1996 jimboni Iowa, ya shambulio lenye nia ya udhalilishaji wa kijinsia. Karatasi moja ya polisi ingelijulisha kanisa. Uingereza, ukaguzi wa kina wa aina hiyo hautozwi ada ya serikali kwa mtu anayejitolea.

Kisa cha Jinja, Uganda, ni cha aina nyingine, na kinaniumiza zaidi kwa sababu nia ilikuwa njema. Kituo cha lishe cha Serving His Children kiliendeshwa na kijana Mmarekani asiye na mafunzo ya udaktari wala uuguzi. Kati ya mwaka 2010 na 2015 kilipokea watoto 940 wenye utapiamlo, na 105 walikufa. Mwaka 2019 akina mama wawili walimshtaki. Mwaka 2020 shauri liliisha kwa makubaliano na malipo, bila upande wa walioshtakiwa kukiri kosa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kufa kwa kupewa chakula au maji vibaya. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea.

Sheria ya Tanzania haiko kimya. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 imeweka kwamba makao ya watoto lazima yawe na leseni chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na kanuni zake za mwaka 2012 zinaeleza namna ya kuyaendesha. Sheria hiyo inazitwika halmashauri wajibu wa kulinda watoto wa maeneo yake, na inamtaka mwananchi anayejua kwamba mtoto anaumizwa atoe taarifa. Sheria tunayo, watu wa kuitekeleza ndio wachache.

Sasa tupanue macho, maana hadi hapa nimemzungumzia mtoto aliye ndani ya makao, na huyo ni mmoja kati ya wengi mno. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 230,166 Wilaya ya Karatu na 174,278 Wilaya ya Ngorongoro. Sensa ya 2022 imezipeleka wilaya hizo mbili kwa pamoja juu ya nusu milioni. Karibu nusu ya Watanzania wako chini ya miaka 18. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu robo tatu walifanyiwa ukatili wa kimwili. Ichukue Karatu yenye watu kama 280,000: watoto 140,000, wasichana 70,000. Uwiano wa kitaifa ukishika hapo, wasichana wapatao 20,000 walioko Karatu leo watakuwa wamepitia ukatili huo kabla ya kuwa watu wazima. Hakuna ukuta wa makao unaoweza kuwazunguka wote hao.

Na hatari za kule zina sura yake. Mang'ola ni nchi ya vitunguu, na msimu ukifika shamba linaita vibarua; sheria inaruhusu kazi nyepesi tu, tena kuanzia miaka 14. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 10 kati ya kila 100 nchini wamekeketwa, lakini mkoani Arusha walikuwa 41. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 ikiwa na wakazi kama 8,000, idadi ilikuwa imevuka 100,000 serikali ilipoanza kuzihamishia familia Msomera, Handeni, Juni 2022. Mtoto aliyetengana na bibi yake kwa sababu ya kuhama, msichana aliyekatishwa masomo ili aolewe, mvulana aliyeshuka mjini Karatu kuomba kwa watalii: kila mmoja anahitaji mtu anayejua mwenyekiti wa kijiji ni nani, dawati la jinsia polisi liko wapi, na shangazi yupi ana uwezo na moyo wa kumchukua.

Shangazi huyo ni nafuu pia. Benki ya Dunia ilipotazama mkoa wa Kagera miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa umeacha yatima wengi, ilikuta kwamba kumtunza mtoto mmoja katika kituo kuligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, karibu mara sita ya kumsaidia akiwa katika familia ya kumlea. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba duniani, watoto wasiopungua wanne kati ya watano walio vituoni wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Na utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 na watoto 136 ulionyesha kwamba waliotolewa vituoni mapema na kulelewa na familia walikua vizuri zaidi, kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na watu, kuliko wenzao waliobaki. Kituo hakikosi nafasi yake. Wapo watoto ambao usiku wa leo hawana pengine pa kulala. Lakini kikiwa ndicho jibu la kwanza, tunalipa mara sita kwa jambo lililo duni.

Karatu penyewe pana wageni waliolielewa hili, nao wanastahili kutajwa. Oldeani, kwenye nchi ya mashamba ya kahawa, Mmarekani India Howell na Mtanzania Peter Leon Mmassy walianzisha Rift Valley Children's Village mwaka 2004. Wanalea watoto wapatao 100 kama familia moja ya kudumu, na fedha nyingine wamezipeleka kwenye shule za serikali za jirani, ili mtoto wa kijijini asilazimike kuwa yatima ndipo apate darasa zuri. Mjini, daktari Frank Artress na mkewe Susan Gustafson, waliotoka California, walianza FAME kama kliniki mwaka 2008. Leo ni hospitali inayoendeshwa kwa sehemu kubwa na Watanzania, na madaktari wa kigeni wanaokuja kwa muda hufanya kazi bega kwa bega na wenyeji na kuwaachia ujuzi. Huduma hizo mbili si za kanisa. Somo lake ni la kanisa pia: mgeni wa muda mrefu alee, mgeni wa muda mfupi amfundishe mlezi.

Kuna hoja ambayo wenzangu makanisani huitoa kila hesabu hii inapowekwa mezani, na ni ya haki. Wanasema fedha hizo hazingekuja Karatu bila huyo kijana. Bibi wa Bavaria au Minnesota alitoa dola 50 kwa sababu alimwona akikua katika kwaya. Hatatoa dola 50 kwa afisa ustawi asiyemjua. Tena kijana akirudi kwao huwa mfadhili kwa miaka 20. Ni kweli kwa baadhi. Lakini hoja hiyo inakiri kwamba safari ni gharama ya kuchangisha, na kama ni hivyo tuipime kwa kipimo hicho: kwa kila dola iliyokwenda kwenye ndege, ngapi zimefika kwa mtoto ndani ya miaka mitano? Kanisa lolote lililopokea vikundi kwa miaka kumi lina daftari la kujibu. Na hata jibu likiwa zuri, halihitaji mgeni akabidhiwe watoto. Anaweza kumfundisha mhasibu wa kituo, kukarabati bweni, kumfundisha mwalimu kompyuta, kukaa na wazee wa kanisa na kuwasikiliza. Mtoto si zawadi ya kumshukuru mfadhili.

Ipo na safari ya upande wa pili. Vijana wa Karatu nao wanaota kwenda ng'ambo kufunzwa utumishi huu. Maombi ya viza ya Marekani peke yake ni dola 185, Sh 462,500, na hayarudishwi ukikataliwa. Ya nchi za Schengen, tangu Juni 2024, ni yuro 90. Kabla ya tiketi na ada, kijana wa mkulima wa mahindi ameshalipa mbuzi kadhaa kwa foleni tu. Kenya, kwa pasipoti ya Afrika Mashariki, haimdai viza, na kutoka Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga ni kama kilomita 270 za lami. Chuo Kikuu cha Daystar, cha Kikristo, kina shahada ya makuzi ya mtoto. Nyumbani, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama imekuwapo tangu 1973, na chuo cha maendeleo ya jamii cha Tengeru kiko njiani, ukitoka Arusha kwenda Moshi.

Basi tuweke hesabu ya mwisho mezani, na kila baraza la usharika liihakiki kwa bei za kwake. Kikundi kimoja cha vijana sita, wiki 10, ni Sh 50,550,000. Ada, chumba, chakula na nauli za mwanafunzi wa stashahada, tuviweke Sh 3,500,000 kwa mwaka, miaka miwili Sh 7,000,000. Vijana wawili wa Karatu, mmoja Mwiraqw na mmoja anayejua Kimaasai, watasoma hadi mwisho kwa Sh 14,000,000. Waajiriwe wote wawili kwa miaka miwili kwa ule mshahara wa Sh 700,000: Sh 33,600,000. Jumla ni Sh 47,600,000. Zinabaki Sh 2,950,000, zinazokaribia bei ya pikipiki mpya ya kuwafikisha Mang'ola na Endabash.

Wiki 10 dhidi ya miaka minne, na baada ya miaka minne hao wawili bado wako Karatu.

Kwa kanisa linalotuma, ombi langu ni hili: kwa kila kikundi mnachokituma, lipieni pia mwaka mmoja wa mfanyakazi wa palepale, na iwe sharti la safari. Mwenye wito wa kweli wa kuwa na watoto mtumeni kwa miaka, mkianza na mwaka wa lugha. Kwa kanisa linalopokea: ombeni cheti cha polisi kabla ya tiketi kukatwa, msimwache mgeni peke yake na mtoto, na muwe na ujasiri wa kusema hapana hata kwa anayekuja na mchango. Na wewe unayesoma haya ukiwa na mashaka juu ya mtoto wa jirani, usisubiri mgeni wala kikundi. Piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure.